Mabehewa Ishirini na Mawili ya Ngoyi

Riziki ya Adèle Ndaya ilitokana na kujaza majedwali, na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Siku sita kwa juma alikaa kwenye mzani wa malori kule Kingamyambo, akiandika uzito wa kila lori linaloingia na kutoka. Jumapili, baada ya misa, alikaa mezani kwake katika mtaa wa Dilala, mjini Kolwezi, Kongo, akijaza jedwali la mabehewa ya treni ambayo haipo. Majirani walimwona mtu wa ajabu. Yeye hakujiona hivi wala vile. Tangu mumewe Ngoyi, dereva wa treni, afe, miaka kumi na moja iliyopita, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na aliyekufa ganzi hachagui kazi.

Treni yenyewe ilikuwa ya mwanawe Samy, fundi umeme wa mgodini, mwanamume wa miaka ishirini na tisa mwenye ubishi wa baba yake. Kwenye kompyuta alikuwa na programu ya kuendesha treni, na humo ndani alikuwa ameijenga reli yote, kutoka stesheni ya Kolwezi mpaka ule mteremko alikofia Ngoyi. Programu ile haitaki ubabaishaji. Kila behewa lazima liwe na mstari wake kwenye Excel: namba, urefu, uzito likiwa tupu, uzito wa mzigo, nguvu ya breki, na mkono wa breki ulivyogeuzwa. Jedwali likikamilika, programu inalisoma na treni inajipanga yenyewe kwenye skrini.

Samy hakuwa anacheza. Ripoti ya ajali ilisema Ngoyi alikimbiza treni, akashindwa kupunguza mwendo kabla ya kona, akafa pamoja na msaidizi wake. Kwa hiyo jina lake halikusomwa hata mara moja kwenye misa ya Novemba, ambamo watu wa reli huwataja wenzao waliofia kazini. Adèle alihudhuria kila mwaka. Alisikiliza majina toka la kwanza hadi la mwisho, kisha akarudi nyumbani kusonga bukari, ugali wa kule. Samy aliacha kwenda zamani. Lakini mwaka huu aliwaahidi wazee wa chama cha wastaafu wa reli kwamba atawaonyesha ukweli, na misa ilikuwa Jumapili ijayo.

Tatizo ni kwamba alikuwa amejaribu mara moja, kwa makadirio yake mwenyewe, na treni ikamsaliti. Kwa mwendo ulioruhusiwa, kilomita arobaini kwa saa, breki zilikamata vizuri na treni ikaikata kona bila shida. Ripoti ikaonekana imesema kweli. Siku hiyo Samy hakula.

"Mama, pengine uzito haiko ile," alisema baadaye. "We njo uliandikaka feuille ya train. Copie iko?"

Ilikuwepo. Wakati ule Adèle alikuwa karani wa mabehewa pale stesheni, na orodha ya treni ile aliiandika kwa mkono wake. Karatasi halisi iliungua na injini. Nakala ya kaboni ilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na hakuwahi kuifungua.

Sasa aliifungua, akaiweka kando ya kibodi. Mabehewa ishirini na mawili. Alijaza tani zote, nazo zilikaribiana sana na makadirio ya Samy. Kisha akafika safu ya sita, ya mkono wa breki. Kila behewa lina mkono ubavuni: unageuzwa kwenye V, vide, likiwa tupu, kwenye C, chargé, likiwa limepakiwa. Ukiachwa kwenye V, breki hukamata kwa nguvu ndogo tu. Katika jaribio lake Samy alikuwa ameweka C zote, kama inavyopaswa.

Kwenye karatasi palikuwa na V, kutoka juu mpaka chini.

Alikumbuka bila kutaka. Mabehewa yale yalifika matupu, na makarani wa Kolwezi walikuwa na njia yao ya mkato: waliinakili orodha ya kuwasili, wakabadilisha tani, basi. Tani alizibadilisha zote. Herufi hakuzigusa. Kalonji, mkaguzi wa mabehewa, alipita kwenye mvua kubwa, maturubai yamefunika kila behewa, akatazama herufi tu, akauacha kila mkono kwenye V kama karatasi ilivyomwambia. Kwa nini ahangaike kuchungulia? Stesheni nzima ilijua usemi wake: "Feuille ya Mama Adèle haikosaka," yaani karatasi yake haikosei kamwe.

Samy alikuwa jikoni akichemsha chai. Adèle aliandika C kwenye kisanduku cha kwanza, akashika pembe yake kwa kipanya, akaiburuta hadi chini. C ishirini na mbili kwa mara moja. Nani angejua? Ngoyi angebaki dereva aliyekimbiza treni, na yeye angebaki karani asiyekosea. Alizitazama, akangoja aone haya, au hofu. Hakupata kitu. Akazifuta, akaandika V moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja.

Samy alirudi, akaiendesha. Kilomita arobaini. Akafunga breki. Treni iliendelea kuteremka kana kwamba haikuambiwa neno, ikaingia kwenye kona kwa kilomita thelathini na sita, mwendo mkubwa mno kwa kona ile, na behewa la kwanza likainama. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia.

"Papa hakukimbizaka, Mama. Alifunga breki. Breki njo ilikatala."

"Naona."

"Dimanche batasoma jina yake." Alikuwa tayari amepiga simu kwa Kalonji, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa chama. Simu ikiita, macho yake yakarudi kwenye jedwali. "Hapa juu hauyaandika jina ya mwenye alitengeneza feuille. Bazee batauliza."

Adèle akavuta kibodi, akaandika: Ndaya Adèle, karani. Halafu akaisukuma nakala mbele ya mwanawe, kidole chake kikiwa chini ya safu ya V.

Samy aliisoma. Akasoma skrini. Akamtazama mama yake.

"Allô?" Kalonji alisema ndani ya simu. "Samy? Allô?"

Hapo ndipo ganzi ilipomtoka Adèle, na ikamuuma vibaya, kifuani mpaka mikononi. Aliichukua simu kwa mikono yote miwili.

"Papa Kalonji, ni mi Adèle," alisema. "Ile feuille ya Ngoyi ilikosaka."