Kalombo Husubiri Kuni Zilale

Saa moja asubuhi, kilomita tatu tu kutoka porini alikopakia, Kalombo anaegesha pikapu yake kando ya kichuguu kikubwa na kuzima injini. Gari halina ubovu wowote. Barabara ya kwenda Kamina ni kavu. Hata hivyo anatoa chupa ya maji, anakaa chini, anatulia.

"Kuni haiyalala," anasema.

Mwandishi, aliyepewa kiti pekee kilichobaki kando ya dereva, anauliza kuni hulalaje. Kalombo anacheka kidogo. Anaeleza kwamba magogo yakishatikiswa na mashimo ya njiani hujipanga upya, shehena hushuka kiasi cha kiganja, na kamba iliyokazwa kwa nguvu zote hubaki inaning'inia. Ndiyo maana husimama hapa kila safari, mara mbili kwa juma, akaze tena. Madereva wenzake wakipita humpigia honi na kumwita Papa Lalisha. Haya, na wapige.

Kalombo ana miaka hamsini na miwili, mke mmoja na watoto sita, wote wakila kwa gari hili kuukuu. Magogo mazito huyaweka chini, yakisogezwa mbele hadi nyuma ya dereva, na membamba hukaa juu. Hakuna hata moja linalozidi ukingo. Na iko sheria moja isiyojadiliwa.

"Juu ya kuni, hapana muntu."

Sheria hiyo ilizaliwa Novemba 1983. Siku ile wingu zito lilikuwa likija, na Kalombo akaona akisimama kichuguuni mvua itamkuta. Akapitiliza. Juu ya shehena alikaa mteja wake Mama Bolingo, mke wa askari aliyetoka mkoa wa Equateur, muuza kuni katika kambi ya Kamina. Siku zile wateja wote walikaa huko juu. Kwenye mpando wa kwanza kamba ililegea, magogo yakaporomoka kwa nyuma, na mama wa watu akaporomoka nayo. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

"Nilizani amekufa," anasema Kalombo. "Nilimubeba, niko nalia. Haikuwa mvua. Miye njo nilimuangusha, miye mwenyewe."

Kwa miezi miwili hakugusa usukani. Nyumbani walikula mara moja kwa siku. Mwishowe alipata mnunuzi wa gari, akaenda hospitali kumwambia Mama Bolingo kwamba kazi hiyo basi. Mgonjwa akamkatalia.

"Papa Kalombo, Mungu ameniacha muzima," alimwambia. "Weye usiuzishe gari. Jifunze kusimama."

Mpaka leo, mwaka wa tatu huu, Kalombo akilikumbuka neno hilo macho humlowa, wala hajifichi. Anasema alisamehewa kabla hajafungua mdomo kuomba, na kwamba kila chakula kinachofika mezani kwake kimepitia kwa mama yule.

Ila Mama Bolingo mwenyewe hajapanda tena. Huja porini kuchagua kuni zake, Kalombo akazibeba, na yeye hurudi kwenye baiskeli ya jirani yake, Mwila. Baiskeli hiyo ndiyo inayofika sasa kichuguuni ikihema.

Mama Bolingo anashuka, anachechemea hadi garini. Kalombo amekwisha kukaza. Mama anavuta kila kamba kwa kidole kimoja, zote nne, kisha anarudia ya nyuma. Anakitazama kiti cha mwandishi.

"Leo nitapanda," anasema.

Kalombo anavua koti lake, analitandika juu ya kiti. Mwandishi anajitolea kukaa juu ya kuni; watu watatu wanamkodolea macho mpaka anaona haya.

Kabla ya kuwasha gari, Kalombo anamwambia mwandishi kwamba mpango wake ni mmoja: kumtafuta fundi wa kumtengenezea humo ndani kiti kirefu cha abiria wawili.

"Kiti ya bantu babili," anasema. "Ili hata weye usibakie mu njia."

Basi mwandishi anarudi Kamina kwenye kibebeo cha baiskeli ya Mwila, kilomita ishirini, na kiuno kinajua. Pikapu imetangulia taratibu, kuni zake zimelala, na dirishani umetoka mkono wa Mama Bolingo ulioshika mlango kwa nguvu. Kwenye mpando ule wa ajali, mkono unabaki palepale. Gari linapofika juu, unaachia mlango.