Umri wa Figo za Baba

Baba yangu alikuwa na umri wa aina mbili. Nyumbani alikuwa na miaka sitini na minne, kazini hamsini na miwili. Huo wa kazini alijichagulia mwenyewe alipoajiriwa kwenye shamba la mkonge, enzi ambazo karani alikuandikia mwaka wowote uliomtajia. Kwa hesabu za kadi yake ya kazi, alimzaa kaka yangu mkubwa akiwa na miaka kumi na mmoja, mahari akiwa ameshatoa. Nusu ya wenzake walikuwa hivyo hivyo, na kila Krismasi tulipokutana nyumbani Kighare, juu milimani, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, kicheko kikakauka. Tangazo lilibandikwa ofisini kwamba waliotimiza miaka hamsini na mitano watapumzishwa kwanza. Baba, ambaye hakuwahi kuomba kupumzika, akaanza kunyoa kipara ili mvi zisimseme. Tena akajitia kubeba mizigo ya mkonge mbele ya wasimamizi, waone kijana. Mwiba ukamchoma ugoko. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, akaletwa Same kwenye hospitali ambako mimi nilikuwa mpimaji wa maabara.

Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu: redio za kaseti, mitumba, mafuta ya nywele ya rangi saba. Kemikali za maabara tu ndizo zilizosahau njia. Majibu tuliandika nyuma ya karatasi za mitihani ya shule, na mgonjwa aliweza kurudi wodini na mkojo wake upande mmoja na jiografia upande wa pili. Lakini kipimo cha figo kilikuwa fahari yangu. Damu hukupa namba ya kreatinini, yaani taka ambayo figo zilipaswa kuichuja. Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Unachukua mia moja na arobaini, unatoa umri, unazidisha kwa kilo za mgonjwa, kisha unagawa kwa sabini na mbili mara hiyo kreatinini. Hapo ndipo unakadiria figo zinachuja kiasi gani. Kadiri mtu anavyozeeka, ndivyo jibu linavyoshuka. Kanuni hiyo haijui kadi ya kazi.

Baba hakuja peke yake. Alifuatana na ofisa utumishi wa shamba, bwana mwenye suti ya kaunda, aliyeshika fomu ya matibabu utadhani ni hati ya kukamatwa.

“Pole, mzee,” daktari wetu kijana alimwambia baba.

“Nimepoa. Ila mzee bado,” baba akajibu, akimtazama ofisa.

Fomu ilisema hamsini na miwili. Nikapiga hesabu, nikapata arobaini na tano. Daktari akafungua kitabu chake. Sindano aliyotaka kumchoma baba ni kali: inaua wadudu wa kidonda, na figo zikiwa dhaifu inazimaliza na zenyewe. Kwenye jedwali lake mpaka ulikuwa arobaini. Aliyeuzidi alichomwa mara nyingi zaidi. Nikarudia hesabu kimya kimya kwa umri wa nyumbani. Thelathini na tisa.

“Daktari, naomba tuongee nje kidogo,” nikasema.

“Ongeeni hapa hapa, sista,” ofisa akasema. “Mgonjwa ni wetu, na mimi ndiye ninayesaini.”

Baba alinitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, lakini nilielewa kabisa anachoniomba. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikachukua kalamu, nikakata ule umri wa fomu na kuandika sitini na minne juu yake, nikisema kwa sauti ili daktari asikosee. Ofisa naye akatoa kidaftari mfukoni.

Sindano zikapunguzwa. Kidonda kikapona, mkojo ukaendelea kutoka vizuri, na barua ya kupumzishwa ikamkuta baba bado ana bandeji.

“Umenizeesha miaka kumi na miwili kwa dakika moja,” aliniambia. “Hata ugonjwa haukuthubutu.” Akapanda zake Kighare, na kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba ya kumjibu mpita njia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Miezi michache baadaye yule ofisa alikuja maabara peke yake. Miguu ilikuwa imemvimba. Nilimtoa damu, nikamuuliza umri. Akachungulia nje, akafunga mlango, akauliza, “Hii karatasi inafika ofisini?” Nikamwambia la, siri ya mgonjwa haitoki hapa. Ndipo akanitajia umri wake wa nyumbani. Alimzidi baba mwaka mmoja. Nilitamani kumkatalia kipimo, lakini nikaandika, nikapiga hesabu vizuri, nikamkabidhi jibu lake mkononi.

Jumamosi hiyo nilipanda kumwona baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, hana la kufanya. Akaniuliza kama kuna habari zozote za shambani, na kama yule bwana bado yuko kazini.

“Yupo, baba,” nikasema. “Hakuna jipya.”