Meno ya Mama na Magome ya Mgunga

Harufu ya magome ya mgunga yanapochemka ni kali, inakaribiana na ya ngozi mbichi iliyonyeshewa, na ikinifikia hata leo mate hunikauka mdomoni. Mwaka nilipokuwa darasa la nne, nyumba yetu ya Bagara, mjini Babati, ilinuka magome tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu mama alikuwa ameondolewa darasa la kwanza na kupewa kazi ya kufundisha ususi wa vikapu. Aliondolewa kwa kuwa hakuwa na meno ya juu. Nataka kusimulia jinsi alivyoyapoteza, jinsi alivyopata mengine, na jinsi hayo mengine nayo yalivyopotea, maana kati ya walioijua habari hii nimebaki peke yangu, na hao wengine waliijua nusu.

Mama alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na hakutaka kuwa mwalimu wa darasa lingine lolote. Watoto wengi waliokuja kwake kutoka pembeni mwa mji walijua lugha ya nyumbani tu, Kiswahili walikikuta kinywani mwake. Wazee husema kinywa ni jumba la maneno, na jumba la mama lilikuwa na milango mingi. Alitamka silabi moja polepole, watoto wakamtazama midomo, wakamfuata, na baada ya miezi michache walikuwa wanasoma mabango ya madukani. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, nguo tulizifua kwa majani ya mpapai, na chaki zilipokwisha mama aliandika ubaoni kwa muhogo mkavu. Vitu vyote hivyo vilikuwa na mbadala wake, hata kama mbadala wenyewe ulikuwa wa kujidanganya. Kinywa cha mwalimu hakikuwa na mbadala, na mimi sikulijua hilo mpaka nilipoliona.

Ugonjwa ulianzia kwenye fizi. Zilivimba, zikavuja damu, halafu meno ya juu yakalegea moja baada ya jingine kama nguzo za ua ulioliwa na mchwa. Daktari alisema yote ya juu yang'olewe, lakini dawa ya ganzi ilikuwa kidogo, kwa hiyo yangetolewa kwa awamu tatu. Awamu mbili zilipita. Siku ya tatu tulipofika, ganzi ilikuwa imekwisha na hakuna aliyejua nyingine ingekuja lini. Daktari alimwambia mama achague, asubiri au avumilie. Mama alitaka kurudi darasani, akasema atavumilia. Baba aliingia naye kumshika kichwa, mimi nikabaki nje kwenye benchi na kikapu cha nguo mapajani. Niliyemsikia akilia humo ndani hakuwa mama, alikuwa baba.

Alirudi shuleni baada ya wiki mbili. Watoto wa darasa la kwanza si wakatili, ila wanafuata wanachokiona na kukisikia, na mwalimu aliponyonya mdomo nao waliinyonya yao. Darasa zima likawa linasoma kama vibibi. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haki, hakucheka. Alimwita mama ofisini akamwambia, "Mwalimu, mimi sikufukuzi. Ukipata meno, ukaja hapa ukanisomea ukurasa mmoja nikausikia, darasa lako utalikuta." Hadi siku hiyo ifike, akampa somo la kazi za mikono. Ndipo magome yakaanza kuingia nyumbani. Mama alitufundisha kusokota katani na kuitia rangi. Magome ya mgunga yalipondwa, yakatiwa maji, katani ikazamishwa na kuchemshwa mpaka ikawa nyekundu ya kahawia. Mtoto akitaka kuitoa mapema, mama alimzuia mkono na kusema kwa ule mdomo wake laini, "Rangi bila moto ni maji tu." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari.

Meno ya bandia yalipatikana Arusha, na kuyapata ilikuwa safari za mwaka mzima. Mara ya kwanza alipimwa. Mara ya pili alipanda lori juu ya magunia ya mahindi, akala vumbi toka Babati hadi Makuyuni na kuendelea, akakuta fundi wa meno hana unga wa plastiki wa kutengenezea. Tukasubiri. Barua ilipokuja, mama aliisoma, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena. Aliporudi kutoka safari ya tatu alikuwa amefunga mdomo kwa kitenge, na hakukifungua mpaka baba alipofunga mlango. Kisha akatabasamu. Nilimwona mama yangu amekuwa kijana. Alitueleza kwamba fundi alikwangua unga wa mwisho wa kopo ili meno yake yatimie, na kwamba walikuwepo watu watatu kwenye benchi waliorudishwa baada yake. Aliyasema hayo kwa aibu kidogo, kana kwamba amekula sahani ya mwenzake.

Kuyapata lilikuwa jambo moja, kuyazoea jambo jingine. Wiki ya kwanza yalimtia kichefuchefu. Yalimchubua kaakaa, yakamjaza mate, na alipokula ugali yaliachia na kugonga, tukajifanya hatusikii. Alikuwa akiyavua mchana kupumzisha vidonda na kuyaweka kwenye kikombe cha bati chenye maji, juu ya kabati. Kila alfajiri, kabla ya kukamua, alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya banda la ng'ombe nikawa mwanafunzi wake. Alishika kipande cha kioo mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, akasoma, nikarudia. Alipokosea alianza upya sentensi nzima. Sijawahi kumwona mtu mzima akijifunza kwa unyenyekevu namna ile, na ninajivunia kwamba nilikuwepo. Likizo ya Desemba ilipokaribia kwisha alikuwa anasoma ukurasa bila kukwama. Alisema shule ikifunguliwa Jumatatu, ataenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Lakini meno yale yalikuwa meupe. Msomaji wa mbali huenda akauliza, meno meupe yana kasoro gani? Kwetu, maji tunayokunywa tangu utotoni huyapa meno rangi ya kahawia. Baba alikuwa nayo, mimi ninayo, mama mwenyewe meno yake ya chini yalikuwa ya chai. Ukikutana na mtu ugenini akacheka, unajua anatoka upande wetu. Ya juu ya mama yalikuwa meupe kama maziwa, yamepangwa sawasawa, maana meno yaliyokuja nchini yalikuwa ya rangi moja tu, na aliyeyapata hakuchagua. Wanawake kwenye bomba la maji walimtania. "Mwalimu, shikamoo ya juu au ya chini?" Walitania kwa upendo, na mama alitaniana nao, lakini alianza kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Jumamosi ile, jioni ya mwisho kabla ya siku yake ya kwenda kanisani nayo kwa mara ya kwanza, nilimkuta amekaa na kile kipande cha kioo. Alisema, labda kwangu, labda kwa kioo, "Ningepata ya rangi ya kwetu, ningeridhika kabisa."

Jumapili tulirudi kutoka misani. Watu walikuwa wamemtazama sana, na wimbo wote alikuwa ameuimba kwa midomo iliyobanwa. Aliyavua, akayaweka kwenye kikombe, akaenda na baba shambani Nakwa kupalilia. Mimi nilibaki kulinda nyumba na kuwasha moto. Kwenye kona ya jiko kulikuwa na sufuria la katani na magome yaliyobaki. Sitaki kujitetea kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo lililoniponza. Niliponda magome, nikatia maji, nikasubiri yachemke mpaka yakawa mekundu, kisha nikayazamisha meno ya mama kwa mwiko. Yalipokaa kidogo nilitaka kuyatoa, nikakumbuka daftari langu. Rangi bila moto ni maji tu. Nikaongeza kuni.

Rangi ilishika. Nataka niseme hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na kwa sababu nilifurahi kupita kiasi. Yalitoka ya kahawia hafifu, yamefanana na ya chini. Niliyasuuza, nikayarudisha kwenye kikombe, nikakaa mlangoni nikingoja kusifiwa. Mama alifika kabla ya baba, aliyekuwa akifunga ng'ombe. Alinawa, akachukua kikombe, akatazama. Alinitazama na mimi, na naapa kulikuwa na kitu kama tabasamu kilichoanza usoni pake. Kisha akayatia mdomoni. Hayakukaa. Aliyasukuma kwa kidole gumba, yakapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Akayatoa, akayaweka juu ya meza, na pale juu ya meza bapa ikaonekana yamejikunja, yakayumba kidogo kisha yakatulia. Mama alikwenda jikoni. Nilidhani anakwenda kutafuta fimbo. Alikwenda kulichukua sufuria, akaliosha kwa majivu mpaka wekundu wote ukatoka.

Baba aliingia akayaona mezani. "Mama Fausta, kimetokea nini?"

"Nimeyaosha na maji ya moto, kwenye sufuria la rangi," mama alisema. Fausta ni mimi.

"Si uliambiwa maji baridi?"

"Nilisahau."

Baba yangu alikuwa mpole kuliko wanaume wote niliowajua, lakini siku hiyo alikuwa na mwaka mzima wa magunia na vumbi kifuani. Akasema, "Mwalimu mzima. Unasahau kitu kama hicho." Mama aliinamisha kichwa na kulipokea neno lile, akaendelea kukausha sufuria. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, nimeshika ndoo isiyo na maji. Sikusema. Nilijiambia nitasema kesho.

Maji yakimwagika hayazoleki, nasi tulijaribu kuyazoa. Seremala mmoja wa Maisaka aliyasugua kwa msasa ili yakae, yakazidi kulegea. Baba alimwandikia fundi, fundi akajibu kwa heshima kwamba unga haujaja na hajui utakuja lini. Jumatatu ile mama hakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la ususi. Darasa la kwanza alipewa mwalimu mwingine, mzuri tu, na kila nilipopita dirishani nikasikia watoto wanaitikia, nilikimbia. Mama alisuka vikapu mpaka alipostaafu. Miaka ya mbele vitu vilirudi madukani, nami nikaanza kazi, nikamwambia twende Arusha tukatengeneze mengine. Akanijibu, "Mdomo umeshazoea, mwanangu." Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara na bado sikusema. Tulipomzika nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri kuhusu uvumilivu wake, watu wakaisifu.

Mwaka jana meno yangu matatu ya mbele yaliisha. Sikupanda lori. Nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani, nikapita barabara ya lami ambako zamani tulikuwa tunakanyaga matope, nikaingia kliniki ndogo hapa hapa mjini yenye feni na viti vya plastiki. Binti mmoja alinipiga ganzi ya kutosha, akanipima, kisha akatoa kadi yenye meno madogo yamepangwa mstari, kutoka meupe mpaka ya kahawia. Akaniuliza ninataka rangi gani, kama mtu anayeuza kitenge. "Hii ya mwisho watu wa huku ndiyo wanaipenda, Mama. Inafanana na maji yetu." Niliishika kadi ile muda mrefu. Alidhani ninaumwa.

Baada ya siku nne niliyafuata. Siku nne. Aliyaweka, yakakaa, akanipa kioo kizima cha ukutani nijitazame.

"Usiku yalale kwenye maji ya baridi," akasema. "Usije ukayachemsha, yatapinda."

"Najua," nikamwambia. "Mama yangu alikuwa nayo."

Alikuwa anaandika kitu kwenye kadi yangu. "Yalimdumu?"

Ulimi wangu ulikuwa mzito, mate yamejaa, na plastiki ilinibana kaakaa mahali pale pale ilipombana mama. Nikasema, "Niliyachemsha mimi." Maneno yalitoka yamevurugika. Binti hakuinua kichwa, akatabasamu kwa upole wa watu wa kazi yake. "Ndivyo inavyokuwa siku ya kwanza, Mama. Sema tena polepole, sauti itanyooka."

Nikasema tena. Akaniambia nirudie, nikarudia, mpaka akaridhika.