Plastiki ya Meza Ukutani

Tangu tuhamie Nakuru mwaka jana, wa sabini na mbili, sijawahi kupenda kitu kama jikoni kwangu, na hiyo ndiyo imeniponza.

Mwenye ploti, hizi nyumba zetu za kupanga zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ni mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini. Sheria yake ni moja: usipige msumari, usipake rangi. Lakini ukuta nyuma ya jiko, udongo uliopakwa chokaa, ulikuwa mweusi kwa moshi na mafuta. Basi nikanunua dukani kwake plastiki ya meza yenye maua mekundu, nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikaibandika. Ilipendeza mpaka nikawa naangalia maua huku chai inamwagika.

Juzi mzee akaingia, akaona. "Mama Wanjiru, nini hii?"

"Inatoka tu, mzee. Hata alama haiachi."

"Na wengine wamebandika?"

"Wengine hawajui. Ni mimi tu."

Nikashika pembe, nikavuta kwa maringo. Plastiki ikatoka na chokaa, chokaa ikatoka na udongo, kukabaki tundu kubwa kama sufuria. Ndani ya tundu tukaona mgongo wa plastiki nyingine.

Jirani yangu, Mama Chebet, akaita kutoka upande wake. "Mama Wanjiru, hii yangu inalegea. Njoo utupikie ule uji tena, hata wale wa nyumba ya mwisho wanataka."

Mzee akainama, akachungulia kwenye tundu.

"Na mimi," akasema polepole, "nilifikiri nyinyi wote mmenunua meza."