Chelewa, Lakini Ufike

Mwanangu, kila nikisikia ukiondoka na hilo gari lako jipya hapa Kiplombe kwa fujo, nakumbuka siku niliyokuwa nakuja kukuchukua Kabarnet. Hukuwa umeanza kutembea. Kazi ilikuwa imenipeleka mbali kwa wiki kadhaa, nawe ukabaki kwa nyanya yako, mama yangu. Nilikuwaza hadi usingizi ukanitoroka.

Niliendesha pikapu ya babu yako, baba mkwe wangu, naye akakaa kando yangu. Tulipopita Iten na kuanza kuteremka Tambach, niliikimbiza kama mtu aliyeibiwa. Kila kona nakanyaga breki kwa nguvu, nikitoka naongeza mafuta. Babu yako akashika mlango kwa mikono miwili. Nikadhani ni uzee tu. Muda si muda usukani ukaanza kutetemeka, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Akaniambia nitafute mahali tambarare nisimame.

Nilishuka na mtungi wa maji nikitaka kuyamwagia magurudumu. Akanishika mkono.

"Weka hiyo maji chini, mama. Diski ya breki iko moto kama jiko. Ukiimwagia baridi itapinda ama ipasuke, na hii mteremko haijaisha."

Hata breki ya mkono hakutaka niivute. Tukaliacha gari kwenye gia, akaweka jiwe chini ya gurudumu, tukaketi kwenye nyasi tukingoja. Nililia, sikufichi. Nilimwambia kwamba unaningoja, na kwamba nilikuwa nimeahidi kufika mapema. Akanitazama kwa huruma.

"Mtoto hajui saa," akasema. "Yeye anajua tu mama amekuja ama hajakuja."

Tulipoondoka aliniagiza nitumie gia ya chini, injini ndiyo izuie gari, breki niikanyage kidogo kabla ya kona kisha niiachilie ipate hewa. Tulifika jua likizama. Ulinitazama kwanza kama mgeni, midomo ikakunjika, kisha ukanirukia kutoka mikononi mwa nyanya yako. Sijawahi kushika kitu kizito na kitamu namna ile.

Basi mwanangu, sikukatazi kukimbia, maana huo mguu mzito umeurithi kwangu. Lakini ukishazichosha breki, endesha polepole kwa muda kabla ya kuegesha, zipoe zikizunguka. Usisimame huku umezikanyaga zikiwa moto, wala usiende moja kwa moja kuosha gari ukitoka mlimani. Pedi mpya za breki zizoeshe taratibu. Na usukani ukitetemeka, usiongeze sauti ya redio. Nenda kwa fundi.

Mungu akutangulie katika kila mteremko na akurudishe mzima. Ukiona ni lazima uchelewe, chelewa tu, baba. Chakula chako nitakifunika.