Sanduku la Ubaridi Chini ya Mabati

Chumba tulichopanga mtaa wa Malindi kilikuwa ghorofa ya tatu, juu kabisa, chini ya mabati matupu yasiyo na dari. Miezi ya joto ya kaskazi, jua likishapanda, mabati yalianza kulia, tik, tik, na kila yalipolia mimi nilimtazama baba.

Baba alikuwa na pumu. Alibeba magunia bandarini tangu ujana wake, hatua chache tu kutoka nyumba hiyo, na vumbi la karafuu na mbata lilikuwa limeshamjaa kifuani. Daktari alitwambia maneno ambayo nimeyageuza kichwani kuliko somo lolote nililosoma: asikae penye vumbi wala penye fukuto, na akishikwa tena kama alivyoshikwa Ramadhani, huenda mwili usistahimili. Nililifikiria sana neno hilo "huenda". Siku nyingine nililiona la matumaini. Siku nyingi sikuliona hivyo.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kurudi kutoka masomoni ng'ambo. Nilipewa kazi ya kufundisha sayansi, na baada ya kungoja sana nikapata chumba. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mwenye nyumba alikwisha kuondoka, kodi tukipeleka ofisi ya serikali, na nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja sasa ilikuwa na wapangaji saba, kila mmoja na mlango wake na jiko lake la mkaa.

Chumba kilikuwa na madirisha mawili. Moja lilitazama uchochoro mwembamba, ukuta wa jirani uko karibu hata unaweza kuugusa, na hewa haipiti. La pili lilielekea kaskazini, kule upepo unakotoka miezi hiyo, nalo lilikuwa limepigiliwa misumari sita. Mpangaji wa chini aliyenionyesha chumba alinambia kwa sauti ndogo, "Hilo halifunguliwi. Chini yake pana ua wa watu."

Hakuhitaji kuongeza. Ua wa watu maana yake wanawake wa nyumba ya pili wanapika, wanafua, wanasukana, vichwa wazi, na mwanamme wa nje hana haki ya kuwa juu yao. Mimi nilikuwa mwanamme wa nje, kijana, sijaoa, nimetoka ng'ambo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Na nilikuwa na sababu ya kutokuwa na wasiwasi. Nilikuwa na sanduku.

Mji niliosomea ulikuwa pembeni mwa jangwa. Wapangaji wa kule, wanafunzi na makarani, hawakuwa na uwezo wa mitambo mikubwa ya baridi. Walikuwa na masanduku ya bati yenye magurudumu manne madogo. Pande tatu za sanduku zina nyasi kavu, maji yanazidondokea taratibu, na ndani mna pangaboi dogo linalovuta hewa kupitia nyasi zile zilizolowa. Unalisukuma utakako. Nje midomo inapasuka kwa ukavu, ndani unatafuta shuka. Mwenzangu wa chumba alinipa lake tulipoagana, nami nikasafiri nalo melini kama mtu aliyebeba mgonjwa, kila bandari nashuka kulitazama.

Nilipolifungua mbele ya baba, alilizunguka mara mbili. Kisha akauliza kama nimelitengeneza mimi. Nikasema hapana, lakini najua linavyofanya kazi, nikamweleza: maji yakigeuka mvuke huchukua joto. Baba hakusoma skuli hata siku moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta kiti, akakaa mbele ya sanduku kama anayepigwa picha.

Nyasi za kule ziliharibika njiani, nikaweka makumbi ya nazi. Maji nilipandisha kwa ndoo kutoka bomba la uani, asubuhi kabla ya kwenda skuli na tena nikirudi. Waya niliuunga kwenye holda ya taa. Siku ya kwanza upepo wake ulinipiga usoni, wa maji maji, nikajiambia kwamba ni baridi.

Alasiri walikuja wenzake baba wa bandarini, wazee watatu wenye mabega yaliyopinda upande mmoja. Habari zilikwishawafikia. Walivua viatu, wakakaa mkekani mbele ya sanduku, wakalitazama likidondosha maji sakafuni.

"Hii ndiyo digrii yenyewe?" mmoja akauliza.

"Ndiyo hiyo," baba akasema.

"Mbona inavuja?"

Wakacheka mpaka baba akakohoa. Alipopata pumzi akawaambia kwamba tangu liwashwe hajahisi joto, na kwamba wao wakae wapulizwe, maana watoto wao hawakuwaletea kitu ila wajukuu. Nami nikaona jasho likimtiririka shingoni mpaka kwenye fulana. Niliona. Nikajiambia ni maji ya sanduku.

Wiki ya pili chumvi iliyeyuka kwenye kibakuli. Viberiti vikawa haviwaki, navunja vijiti vitano kuwasha jiko. Viatu vyangu vya skuli vilifanya ukungu. Kurasa za msahafu wa baba zilivimba, ukawa haufungi sawasawa, naye akawa anauwekea kitambaa kikavu katikati bila kunambia neno. Kila kimoja nilikitafutia sababu yake. Chumvi ilikuwa mbaya. Viberiti vya siku hizi havifai. Nikabadilisha makumbi. Nikapunguza maji, nikayaongeza. Nikalisogeza sanduku karibu na mlango, kisha karibu na kitanda, nikaandika daftarini saa na mahali, kama vile baba alikuwa jaribio.

Na kukohoa kulizidi. Nikimuuliza, alisema ni mkaa wa jirani.

Jibu nililipata kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa darasani nikifundisha mvuke, nikaandika ubaoni: hewa iliyoshiba maji haipokei mengine. Nikamaliza sentensi na chaki ikabaki pale pale. Kule jangwani hewa ilikuwa na kiu. Yetu inatoka baharini imeshashiba. Kanga iliyoanikwa asubuhi unaianua jioni bado ina ubichi. Sanduku langu halikuwa likiondoa joto chumbani. Lilikuwa likiongeza maji katika hewa ambayo mtu mwenye pumu alikuwa hawezi kuivuta. Nilikuwa nikijua hivyo tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo, na niliandika hivyo kwenye mitihani.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani akalizima. Mimi nilikwenda nyumbani nikipanga namna ya kusema. Nikisema asubuhi, atashinda nalo moyoni peke yake. Nikisema alasiri, wenzake watakuwepo. Nikilizima bila kusema, ataona nimeona aibu, naye ataona aibu kwa niaba yangu. Nikimwambia limeharibika, atatafuta fundi sokoni Darajani. Siku nne zilipita hivi, na kila asubuhi ya siku hizo nilipandisha ndoo ya maji, nikajaza, nikawasha, nikaenda kazini.

Siku ya tano nilirudi saa saba mchana. Mabati yalikuwa yakilia. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda mbele ya sanduku, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda juu karibu na masikio, na kila pumzi ilitoka kwa mluzi mrefu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Sanduku lilikuwa likimpuliza usoni, na ndevu zake zilikuwa na matone.

Nikaenda kulizima. Akanishika mkono.

"Liache," akasema, neno moja kwa pumzi moja. "Wenzangu... watakuja... wakute limezimwa?"

Ndipo nilipojua kwamba alijua. Sijui tangu lini. Huenda tangu siku ya kwanza, alipowaambia wenzake hahisi joto huku jasho linamtoka. Alikuwa akikaa mbele ya kitu kinachomkaba kwa sababu kimeletwa na mwanawe, nami nilikuwa nikimwachia akae kwa sababu sikupata maneno mazuri ya kumwambia.

Nikang'oa waya. Chini ya kitanda palikuwa na koleo na nyundo aliyokuja nayo kutoka bandarini, ya kufungulia makasha. Sikufikiri. Naliandika hili kwa mshangao, maana ni mara moja tu katika maisha yangu. Msumari wa kwanza ulitoka kwa shida, wa pili ukavunjika kichwa, iliyobaki niliipiga mpaka ubao ukapasuka, na mabawa yote mawili ya dirisha yakafunguka kwa nje kwa kishindo.

Upepo uliingia kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni. Karatasi zangu zikaruka. Nikamkalisha baba kwenye kiti chake, nikamvuta nacho mpaka dirishani, nikamshika mgongo, na ndipo nilipotazama chini.

Walikuwa wanne. Bibi mmoja juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, wanawake wawili wanafua, na msichana aliyekuwa ameinamisha kichwa anaoshwa nywele. Kwa muda mfupi walinitazama, nami nikawatazama. Kisha kanga zikapanda vichwani, beseni likapinduka, msichana akakimbilia ndani na mapovu yake. Bibi peke yake hakukimbia. Alijifunika, akabaki amekaa, uso juu.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Dirisha sikulifunga. Baba alikuwa akivuta hewa, na kila pumzi ilikuwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Nilizihesabu mpaka mluzi ukashuka, mpaka rangi ikarudi midomoni. Halafu nikatega sikio ngazini. Mapema au baadaye mtu angepanda ngazi. Wangesema yule mwalimu aliyetoka ng'ambo ametuvunjia heshima, na wangekuwa na haki. Tungetolewa chumbani. Tungeambiwa tupigilie tena, na baba angekufa humo ndani taratibu, pamoja na adabu zetu zote.

Hakuja mtu. Nilikaa nikaandika barua ya kuomba radhi. Nakala ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilieleza mvuke. Ya tatu haikutaja kwamba niliwaona, nikaogopa itaonekana naficha. Ya nne ilitaja, nikaichana. Baba, ambaye sasa aliweza kusema, aliniuliza naandika nini.

"Barua, baba. Kwa jirani."

"Jirani yupo hapo chini, mwanangu. Barua ya nini?"

Baada ya sala ya alasiri nilizunguka mtaa nikapiga hodi nyumba ya pili, barua ya tano mkononi. Hodi ya tatu ndiyo iliyojibiwa. Mlango ukafunguka kidogo, na nyuma yake sauti ya yule bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na nikaanza kusoma: kwa heshima na taadhima, mimi mpangaji wa nyumba ya...

"Wewe ndiye wa juu?" akanikata.

"Naam, Bi Mkubwa."

"Baba yako hajambo?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi. Hilo halikuwamo. Nikasema hajambo kidogo, dirisha limemsaidia, na kwamba misumari nitairudisha ikiwa wao...

"Misumari yenu," akasema.

"Si yenu?"

"Yetu kwa lipi? Tuliikuta. Aliipigilia mwenye nyumba wenu wa zamani, hatukumwomba. Mwezi mzima tunamsikia mzee wa watu anakohoa humo ndani, tunaulizana hapa uani, hivi huyo mwanawe msomi hana akili ya kufungua dirisha?"

Ndani mtu alicheka, nadhani yule msichana.

"Sasa nisikilize," bibi akaendelea, sauti imeshakuwa kali. "Leo umetuvamia. Ile si tabia. Mtu akitaka kufungua atoe sauti kwanza, watu wajistiri. Na wewe usisimame hapo dirishani, akae baba yako. Yeye mtu mzima."

Nikasema baba hawezi kupaza sauti, pumzi haimtoshi.

"Si anakohoa? Basi akohoe, ndiyo hodi yake. Kikohozi chake tunakijua kuliko mlio wa mlango wetu huu."

Ikawa hivyo. Kila siku jua likianza kupanda, baba alisogea dirishani, akakohoa, akahesabu kumi kwa vidole, akasukuma mabawa. Mimi nilikaa upande wa uchochoro na madaftari yangu, mgongo umegeuka, bado nikiwa na wasiwasi kwamba siku moja watabadilisha mawazo. Joto la mabati lilibakia lile lile, hakuna aliyelipoza. Lakini lilikuwa likipita, halikai.

Sanduku tulilisukuma pembeni, na baba akaweka humo vitunguu, ambavyo kwa bahati vilipenda matundu yake. Wenzake walipokuja wakauliza limekuwaje. Nilifungua mdomo kusema kweli, yote, tangu jangwani. Baba akawahi kuwaambia kwamba linapumzika, huu si msimu wake. Wakaitikia kwa vichwa, wakasogeza mkeka wao ukutani, chini ya dirisha, mahali ambapo wasingeweza kuona ua wala ua kuwaona. Nikaachia hapo. Nimeachia mpaka leo.

Mwisho wa kaskazi, asubuhi moja, nilimwona baba amesimama kwa muda mrefu kuliko kawaida mbele ya dirisha lililofungwa. Nikasogea haraka, nikadhani ameshikwa. Hakuwa ameshikwa. Alikuwa akingoja kikohozi, nacho hakikuja. Alijaribu mara moja, ikatoka pumzi safi. Akanitazama kama mtu aliyesahau ufunguo. Kisha akajaza kifua, akakohoa kikohozi cha kutengeneza, kikubwa, kama cha waigizaji.

Uani mlio wa kukuna nazi ukakatika.

"Mzee," ikapanda sauti ya bibi, "hicho si chako. Lakini fungua, tumeshajifunika."