Maua ya Kudumu ya Shangazi

Shangazi yetu, fundi cherehani wa sare za shule, alitulea mimi na dada yangu tangu mama alipofariki. Hakuwahi kudai shukrani. Siku dada alipochumbiwa, Shangazi aliomba kitu kimoja tu: "Shada la bibi harusi nitalifunga mimi, kwa maua ya kudumu."

Dada akamkumbatia. "Nitashika la kwako, Shangazi, si la mwingine."

Harusi ilikuwa miaka miwili mbele. Shangazi alipima kwa utepe wake wa kushonea kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, akanichoresha ramani kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Marefu ukutani, mafupi mbele, katikati kinjia cha kupita na ndoo. Mawaridi meupe, mayungiyungi, na vijiua vidogo vya kujazia. Yote ya aina inayochipua tena kila mwaka bila kupandwa upya. Ndiyo maana aliyaita ya kudumu. Mwaka wa kwanza alikata kila kitumba kabla hakijafunguka.

"Unalima au unaadhibu?" jirani alimcheka.

"Nguvu irudi kwenye mizizi, mama. Mvumilivu hula mbivu."

Asubuhi ya harusi aliyakata yakiwa na umande, akayafunga kwa satini aliyoipinda kwa mkono. Chumbani, dada alilitazama shada, akakunja uso.

"Shangazi, si ulisema ya kudumu?"

"Ndiyo hayo."

"Haya mabichi! Kesho yamenyauka. Mimi nilijua ya plastiki, niyaweke sebuleni."

"Kinachodumu ni shina, mwanangu. Yatachanua tena."

"Sasa kwenye picha nishike shina?"

Wapambe wakaangua kicheko. Mama mkwe wake alikuwa ameshafungua boksi lake: shada la plastiki, karatasi ya bei ingali inaning'inia. Dada akalishika hilo.

La Shangazi liliwekwa dirishani, kwenye choo cha ukumbi. "Angalau linakata harufu," alisema mpambe mmoja. Shangazi alikuwa nyuma yake, kwenye foleni.

Msimu uliofuata bustani ilichanua kuliko mwanzo. Dada akapiga simu.

"Shangazi, nina wageni Jumapili. Nikatie machache ya mezani."

"Ya plastiki yamenyauka?"

Shangazi akakata simu. Kisha akachukua mkasi, akaanzia ukutani, akakata maua na vitumba vyote mpaka mstari wa mbele. Safari hii hakusema nguvu irudi wapi.